Peugeot Mbili, Fundi Mmoja

Kariobangi Light Industries asubuhi ya Jumamosi, sikio hutangulia jicho. Grainda inalia huku, jenereta inanguruma kule, redio ya jirani inahubiri, na mtu anataja bei ya vyuma kwa haraka ya mtu anayetaka kuuza kabla jua halijawa kali. Ndani ya yadi moja nyuma ya maduka ya mabati kuna sauti ndogo kuliko hizo zote. Ni nyundo nyepesi juu ya bati jembamba: mara tatu, kimya, mara mbili, kimya kirefu. Anayegonga ni mzee aliyepita miaka sabini, amekalia kreti la soda, na juu ya mapaja yake amelaza mlango wa Peugeot 404.

Mlango huo umetoka kwenye gari la rangi ya maziwa lililoegeshwa hatua tano kutoka hapo. Kando ya gari hilo, juu ya mawe, iko Peugeot 504 ya stesheni wagoni, boneti wazi, injini imetolewa na kulazwa juu ya matairi mawili. Yote mawili yana namba za zamani, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, kwa hiyo yalikuwa barabarani kabla mfululizo wa KAA haujaanza mwaka 1989. Mara ya kwanza nilikwenda pale kumsindikiza rafiki. Sasa ni mwezi wa nne nakwenda peke yangu. Sina gari la kutengenezwa. Nakaa juu ya tofali na kutazama mikono ya Mzee. Vijana wake wawili humwita Fundi. Mimi humwita Mzee, naye huniita kijana ingawa mvi zimeshanianza.

Nimelelewa Makongeni, mtaa wa reli, na gari la kwanza nililolijua kwa karibu lilikuwa 404 ya jirani. Peugeot waliitoa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia: mistari iliyonyooka, paa jepesi, na nyuma mapezi mawili yaliyosimama kama masikio ya mnyama anayesikiliza. Watoto hatukujua habari za Italia. Tulichokijua ni hendeli. Asubuhi za Julai, baridi ikiwa imeiua betri, jirani yetu alitoa chuma kirefu kwenye buti, akakipitisha kwenye tundu la bampa ya mbele, akakizungusha kwa mkono mmoja mara moja na nusu, injini ikakohoa na kuwaka. Tulisimama mstari mzima kungoja kikohozi hicho. Halafu tulikwenda shule tukiwa tumeridhika, kana kwamba tumeliwasha sisi.

504 ilikuja na ulimwengu mwingine. Ilionyeshwa Paris mwaka 1968, mwaka uliofuata ikatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya, na baadaye ikawa inaunganishwa kwetu Mombasa. Kwa miaka yote hiyo, magari kiasi cha 27,000 ya aina hiyo yaliunganishwa Kenya. Hili halikuwa tena gari la jirani mmoja aliyebahatika. Lilikuwa gari la afisa wa wilaya, la mwalimu mkuu, la daktari, la mfanyabiashara wa Gikomba aliyeanza kupata. Buruburu ilipokuwa ikijengwa fezi kwa fezi katika miaka ya 1970, na wafanyakazi wa ofisi wakanunua nyumba zenye paa la vigae na uwanja mdogo mbele, 504 ndiyo iliyoonekana imetoshea pale getini. Mjomba wangu alihamia fezi ya tatu na 504 saluni ya rangi ya samawati. Jumapili tulipomtembelea tulipewa soda, kisha tukaruhusiwa kukaa ndani ya gari likiwa limezimwa. Hadi leo harufu ya viti vile vya plastiki vilivyopigwa na jua ikinijia, nakumbuka Buruburu nzima.

Na stesheni wagoni je? Hiyo ndiyo iliyobeba nchi. Ilirefushwa mpaka umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ukafika mita 2.90, wakati saluni ilikuwa mita 2.74. Nyuma iliwekewa ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande, na viti vikapangwa safu tatu. Teksi za safari ndefu za Nakuru, Kisumu na Meru zilikuwa hizo, na watu walisema tu "nimepanda Pijo" bila kutaja namba wala kampuni. Ndugu yake wa pikapu ndiye aliyeshusha miraa kutoka Meru usiku, akashika barabara ya Thika kwa mwendo ambao afadhali nisiuandike.

Haya niliyajua. Ambacho sikukijua, na ambacho Mzee amenifunza bila kukusudia, ni jinsi magari haya mawili yanavyotofautiana chini ya vidole vya mtu.

Tuanze na ule mlango. Nilidhani bati bapa ndilo rahisi kunyoosha, na bati lenye mkunjo na kiuno ndilo gumu. Ni kinyume. Ubavu wa 404 ni bapa karibu kama meza, na bati bapa halina mahali pa kuficha. Likigongwa na kitu linatanuka, na likishatanuka huwezi kulirudisha kwa nyundo peke yake, kwa sababu kila pigo linazidi kulitanua. Ukilibonyeza kwa kidole linaingia ndani kwa mlio wa kopo, ukiliachia linatoka. Mafundi wengi wa sasa wakifika hapo hupaka puti nene, wakapiga msasa na rangi juu yake. Baada ya misimu miwili ya mvua puti inapasuka na kutu inachungulia.

Mzee hufanya hivi. Kwanza hulipangusa bati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka liwe na unyevu unaong'aa, halafu huuinamisha mlango kuelekea mwanga wa mlango wa yadi na kutazama mstari wa paa la jirani ukipita juu yake kama kwenye kioo. Mstari ukinyooka, pale ni pazima. Mstari ukipinda kama mdudu anayetembea, pale pana kazi. Kisha hufumba macho na kupitisha kiganja, si ncha za vidole, kiganja kizima, polepole, kutoka sehemu nzima kwenda kwenye ugonjwa. Anasema macho yakiwa wazi mkono huamini jicho, na jicho hudanganywa na rangi.

Akishapata kitovu cha ubaya, anawasha gasi na kuufanya moto uwe mdogo kama wa mshumaa. Anagusa doa moja tu, upana wa shilingi, mpaka liwe jekundu. Anaondoa moto, anaweka chuma kizito nyuma ya bati kwa mkono wa kushoto, anagonga kuzunguka doa kwa nyundo nyepesi mara nne au tano, kisha anakandamiza kitambaa kilicholowa maji. Tssss. Bati linajikunja, na kule kutanuka kunarudi nyuma kidogo. Anangoja. Hapa ndipo uvumilivu wenyewe ulipo: hagusi doa la pili mpaka la kwanza limepoa kabisa na kiganja kimepita tena. Siku ile alitia madoa kumi na moja tangu saa mbili hadi saa saba. Alipomaliza, kidole changu kilibonyeza na bati halikulia.

"Hii 404 ni kama mtu mkweli," aliniambia akiuegemeza mlango ukutani. "Ukiikosea, kila mpita njia ataona."

Ubavu wa 504 una mkunjo. Pininfarina tena ndiye aliyeuchora, lakini miaka minane ilikuwa imepita na mkono umebadilika: taa za mbele zimekuwa kama macho yaliyochongwa, mapezi yameondoka, na buti la saluni linashuka kwa kuvunjika katikati kama goti. Bati lenye mkunjo lina nguvu yake lenyewe. Likiingia ndani, ukilipata pembeni na kulisukuma kwa nyuma, mara nyingi linaruka lenyewe kurudi mahali pake. Mzee alifanya hivyo mbele yangu kwenye mlango wa nyuma wa wagoni: dakika ishirini, hakuwasha gasi. Mtu aliyetazama tu kazi hizo mbili angesema 504 ndiyo iliyobuniwa vizuri zaidi. Mimi naona ni bora kwa mwenye gari. Kwa kijana anayejifunza nyundo haimwambii mengi, maana inamsamehe.

Tukija kwenye injini, ndugu hawa wawili wanafanana zaidi kuliko sura zao zinavyoonyesha. Injini ya 404, sentimita za ujazo 1618, ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. 504 ilianza na ujazo wa 1796, kisha ukafika 1971, na ikalazwa vilevile. Zote mbili zina slivu zinazotoka: kila pistoni inatembea ndani ya bomba lake lililochomekwa kwenye bloku, na maji ya kupoza yanaligusa bomba hilo moja kwa moja kutoka nje. Ndiyo maana injini hizi zimeishi Eastlands muda mrefu namna hii. Injini ya bloku ya kuchonga ikilika, inabidi ipelekwe kwenye mashine ikatanuliwe, na ikishatanuliwa mara kadhaa imekwisha. Hii unatoa slivu nne zilizolika, unaingiza nne mpya na pistoni zake, bloku ileile inaanza maisha upya, na kazi yote inafanyika chini ya mwembe.

Inafanyika, lakini si kwa kila mkono. Injini ya wagoni iliyolala juu ya matairi ilikuwa imeletwa kwa sababu ilichemka na kuchanganya maji na mafuta. Fundi mwingine alikuwa ameshaifungua mwaka uliopita. Mzee alipoondoa kichwa cha silinda hakusema neno. Alichukua kitambaa, akapangusa uso wa bloku, akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye bloku kuingia kwenye ukingo wa slivu ya kwanza. Ukucha ulikwama kidogo, kama unapopanda kizingiti cha mlango. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, ukucha ulipita bila kukwama. Aliurudisha, akapita tena, akamwita kijana wake apitishe wake.

Slivu lazima isimame juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo mno, sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, ili gasketi ya kichwa iibane vizuri. Ikiwa sawasawa na bloku au chini yake, gasketi haina cha kukandamiza, moto unapata njia, maji yanapata njia. Urefu huo hurekebishwa kwa gasketi nyembamba za chini ya slivu, zenye unene tofauti tofauti. Fundi aliyetangulia alikuwa ameweka yoyote iliyopatikana.

"Ukucha haudanganyi," Mzee alimwambia kijana, "ila haukupi namba. Leta rula."

Rula ya chuma ikaletwa ikiwa imefungwa kwenye kipande cha flana, kama kitabu cha dini. Akaisimamisha juu ya slivu, akaingiza visahani vya kupimia, vile vinavyofunguka kama kurasa, kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kikaingia kwa ugumu wa kisu kwenye siagi baridi. Akaandika kwa chaki juu ya bloku. Slivu nne, mara nne kila moja, pande zote. Kisha akazitoa, akapanga gasketi za chini juu ya gazeti kwa unene wake, akachagua, akarudisha, akapima tena. Kabla ya kuzungusha krankshafti alizibana slivu kwa boliti na washa kubwa ili zisipande na kuharibu alichokifanya. Kijana aliuliza kwa nini asizungushe kidogo tu bila kuzibana. Mzee alimtazama tu. Kijana akaenda kutafuta boliti.

Alitumia siku mbili katika kazi hiyo ya kimo cha unywele. Wenye haraka watasema ni nyingi. Mimi nimepanda magari ya wenye haraka, na nimelala Salgaa kando ya barabara mara mbili.

Chini ya gari, njia zinaachana tena. Difu ya 404 ni kitu cha ajabu: badala ya meno mawili yanayokutana, ina chuma kilichokatwa kama parafujo kinachozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Hupita kimya kabisa. Abiria wa 404 njema hasikii kitu nyuma isipokuwa matairi. Lakini shaba hula taratibu, na mwenye gari asiyetazama mafuta ya difu anakuwa anajilia gari lake bila kujua. Mzee ana difu mbili nzima zilizofungwa kwenye gunia, alizozitoa kwenye magari yaliyokufa Dandora na Kangundo Road miaka mingi iliyopita, na hajaziuza licha ya kuombwa. Saluni ya 504 iliachana na parafujo, ikachukua meno ya kawaida na kuwekewa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka bila kulisumbua jenzake. Kwa barabara zetu huo ulikuwa ukombozi. Mtu wa 504 aliacha kuhesabu mashimo.

Tusisahau kwamba barabara hizo ndizo zilizowapa jina. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa usukanini, katika mashindano ambayo ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania wakaitwaa 1966 na 1967, kisha Nowicki na Cliff wakarudi 1968, na mwaka huo pia waliomaliza walikuwa saba. 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, na 1978 ile ya coupé yenye injini ya V6 na Jean-Pierre Nicolas. Ushindi mara nne kwa mara mbili. Pasaka zile sisi watoto wa Makongeni tuliendesha magari ya waya kwenye vichochoro, redio ya VoK ikitangaza saa za kila kituo, na kila mtoto alikuwa na gari lake. Langu lilikuwa 404, nimelichongea mapezi kwa bati la mkebe wa Kimbo.

Huenda ndiyo sababu nilimuuliza Mzee swali la kitoto, ipi bora. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Alijifunza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika gereji ya Mhindi mmoja karibu na Kirinyaga Road, ile tunayoiita Grogan, akianza kwa kuosha spana mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kufungua nati. 404 ndizo zilizokuwa zikija. 504 zilipoanza kuingia alikuwa tayari fundi.

"Kama ni kwenda Kisumu usiku huu, nipe 504," alisema. "Na kama ni kumfundisha huyu," akaelekeza kidevu kwa kijana, "nipe 404. 504 ilinilisha. 404 ndiyo iliyonifanya fundi."

Nimeifikiria hukumu hiyo wiki nyingi na sijapata ya kuishinda. 504 ni gari bora, kwa springi zake, nafasi yake, na huruma yake kwa anayeliendesha. 404 inadai zaidi: kiganja, sikio, ukucha, mafuta kwa wakati wake. Kijana wa Mzee anajua pia kuchomeka mashine ya kusoma makosa kwenye Toyota za siku hizi, na anaifanya vizuri. Mtaa mzima unamtafuta. Lakini nimemwona akisimama kabla ya kuchomeka mashine, akaweka mkono juu ya boneti, akasikiliza kwanza. Hilo hakulipata kwenye mashine.

Jumamosi iliyopita mlango wa 404 ulirudishwa kwenye bawaba zake. Mzee aliufunga kwa kidole kimoja na ukaingia kwa mlio mmoja mzito, bila kurudiwa. Wagoni iliwaka siku ya Jumatatu, ikanguruma saa nzima pale yadini, maji safi, mafuta safi.

Sasa neno kwa msomaji wa Jericho, wa Umoja, wa Kaloleni, wa Buruburu. Najua nyuma ya nyumba ya babu yako kuna gari moja kama haya, matairi yameisha upepo na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Najua pia kwamba mnunuzi wa chuma chakavu ameshapita na mizani yake na kutaja bei kwa kilo. Usimpe jibu wiki hii. Mlete kwanza mmoja wa wazee hawa aliangalie. Bado wapo Kariobangi, bado wapo Shauri Moyo, mikono yao bado ina nguvu, na difu mbili za 404 zimo kwenye gunia zinangoja gari.